Kuchafuana kwenye kampeni, na nani abebe maneno yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa uchaguzi maswali ni yale yale. Yanaulizwa na wagombea wapya, mameneja wa kampeni, waandishi wa habari, na wapiga kura waliochoka kusikiliza nani kazaa na nani. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyoyaona. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mikunjo mingi, na mengine hayahitaji zaidi ya sentensi mbili tatu.

Shambulio binafsi ni lipi hasa?

Ni pale msemaji anapoacha kusema mgombea alifanya nini, ameahidi nini au ataongoza vipi, akageukia umbo lake, ukoo wake, ndoa yake, dini yake, maradhi yake au lafudhi yake.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Jiulize: maneno haya yangeweza kusemwa vilevile hata kama mtu huyu asingewahi kushika ofisi yoyote wala kutoa ahadi hata moja? Kama ndiyo, basi hayahusu kazi anayoiomba. "Ana kitambi" ingesemwa hata angekuwa anauza magazeti. "Alihudhuria vikao viwili tu vya bajeti" haiwezi kusemwa ila kwa mtu aliyepewa kiti na akakiacha wazi.

Kwa hiyo kumwita mgombea mwizi ni tusi au ni hoja?

Inategemea kinachofuata baada ya neno "mwizi". Tazama kauli hizi mbili.

Ya kwanza: "Huyu ni mwizi, na ukoo wake wote ni wezi."

Ya pili: "Alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya zabuni, kamati ilimlipa mkandarasi mmoja mara mbili kwa kazi ile ile. Hati za malipo ni hizi hapa. Namba ya ankara ni moja, tarehe zimepishana siku tisa. Atueleze."

Ya kwanza ina kelele. Ya pili haina tusi hata moja, na ndiyo inayouma. Mgombea anaweza kuicheka ya kwanza, akamrudishia msemaji tusi kubwa zaidi, mkutano ukaisha kwa vigelegele. Ya pili hawezi kuijibu kwa kicheko, kwa sababu ankara zitabaki pale pale mezani. Watu wengi hudhani kampeni ya kistaarabu ni ile iliyolainisha maneno. Mimi naona ni ile ambayo aliyeshutumiwa anajua ajibu nini, na aliyeshutumu anaweza kuulizwa kesho yake, "Ushahidi wako uko wapi?"

Mpaka huu umewahi kufika mahakamani. Machi 2014, siku moja baada ya Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini, afisa anayechunguza mwenendo wa serikali, kutoa ripoti kuhusu fedha za serikali zilizotumika kwenye makazi ya Rais Jacob Zuma kule Nkandla, chama cha upinzani cha DA kilituma ujumbe mfupi wa simu kwa wapiga kura wapatao milioni moja na nusu katika jimbo la Gauteng. Ujumbe ulisema ripoti inaonyesha jinsi Zuma alivyoiba fedha zao kujenga nyumba ya randi milioni 246. Chama tawala cha ANC kikaenda mahakamani kwa hoja kwamba ripoti haikusema popote kuwa rais ameiba. Mahakama Kuu ikakipa ushindi DA, Mahakama ya Uchaguzi ikageuza, na Januari 2015 Mahakama ya Katiba ikakirudishia DA ushindi. Majaji waliokubaliana na uamuzi huo hawakufuata njia moja. Baadhi walisema ule ujumbe ulikuwa maoni, yaani tafsiri ya chama juu ya ripoti ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Wengine walisema katazo la sheria ya uchaguzi dhidi ya taarifa za uongo lilikusudiwa uongo unaovuruga upigaji kura wenyewe, kwa mfano kusema kituo fulani kimefungwa. Na wako waliopinga.

Ningekuwa meneja wa kampeni ile nisingeandika "aliiba". Ningeandika kiasi, jina la ripoti na ukurasa. Lakini naikubali hukumu, kwa sababu ripoti ilikuwapo na mwenye ujumbe alijulikana. Chama kilituma kwa jina lake, kikashtakiwa kwa jina lake.

Maisha binafsi ya mgombea yanatuhusu?

Wakati mwingine yanatuhusu. Wanaosema hayatuhusu kabisa hujikuta pabaya siku mgombea anayehubiri matunzo ya watoto anapoonekana na kesi tatu za kutotunza watoto wake.

Mfano mzuri ni uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1884. Mgombea Grover Cleveland alituhumiwa kwamba alikuwa na mtoto nje ya ndoa. Wapambe wake walipomuuliza waseme nini, aliwaambia waseme kweli. Hakukana uhusiano ule. Upande wa pili alikuwapo James Blaine, mtu aliyesifiwa kwa maisha yake ya nyumbani, ila barua zake zilionyesha uhusiano wa kifedha na kampuni za reli akiwa bungeni. Wapiga kura wakawa na mizani miwili: mmoja kateleza chumbani, mwingine ofisini. Cleveland alishinda, kwa kura chache.

Sisemi walichagua sawa. Nasema waliweza kuchagua kwa sababu mmoja alijibu. Jambo la faragha linakuwa la umma pale linapogusa kazi (rushwa, matumizi ya madaraka kulinda ndugu, unyanyasaji, kusema hivi na kutenda vile katika sera anayoisimamia). Likiwa haligusi hata kimoja, kulileta jukwaani ni umbeya uliopewa kipaza sauti.

Na afya au umri?

Swali halali ni kama ataweza kazi kwa muda wote wa kiapo. Njia halali ya kulijibu ni kumtaka atoe taarifa ya daktari wake mwenyewe, na kuwataka wapinzani wake wote watoe pia. Kumtambua mtu ugonjwa kutokana na jinsi anavyotembea kwenye video ya sekunde kumi ni uganga.

Hata madaktari wamewahi kunaswa hapo. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa magonjwa ya akili kama mgombea urais Barry Goldwater anafaa kiakili kuwa rais. Zaidi ya elfu moja wakamtangaza hafai, na hawakuwa wamewahi kumpima. Goldwater alishtaki jarida hilo, akashinda, akapewa fidia ya adhabu ya dola 75,000. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka kanuni ya kitaaluma inayowazuia kutoa maoni juu ya akili ya mtu wa umma wasiyempima, na mpaka leo kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Goldwater.

Familia ya mgombea je?

Waacheni, isipokuwa aliyejiingiza mwenyewe: mke au mume anayepanda jukwaani kuomba kura, au mtoto mwenye zabuni za serikali.

Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 1828, magazeti yalimchambua Rachel, mke wa mgombea Andrew Jackson, kwamba aliolewa na Jackson kabla talaka yake ya kwanza haijakamilika. Jambo lilikuwa la miaka zaidi ya 30 nyuma. Mume alishinda. Rachel akafariki Desemba ya mwaka ule ule, kabla mumewe hajaapishwa, na Jackson aliishi akiamini maneno yale ndiyo yaliyomwua. Kama ni kweli kwa kipimo cha daktari, hilo haliamuliki sasa. Ila Jackson aliingia madarakani na kinyongo hicho, na wapinzani wake walilazimika kufanya kazi na rais wa namna hiyo miaka minane.

Vijembe na utani navyo vipigwe marufuku?

Hapana. Kampeni isiyo na vijembe haina wasikilizaji. Mtu anayeweza kuusema udhaifu wa sera ya mwenzake kwa fumbo moja watu wakacheka wote, hata wapambe wa upande wa pili, ana kipaji, na apewe nafasi yake. Kejeli nzuri hushika jambo alilolifanya mtu. Ikishika mwili wake inageuka kitu kingine, na hadhira huwa inahisi tofauti hiyo mapema kuliko washauri wa kampeni.

Waliolipia somo hilo ni chama tawala cha Kanada mwaka 1993. Mpinzani wao, Jean Chrétien, alikuwa amepooza upande mmoja wa uso tangu utotoni. Chama kikatoa tangazo la televisheni lenye picha za karibu za uso wake, na sauti nyuma zikihoji kama huyu ndiye wa kuwa waziri mkuu. Simu zikalia makao makuu, nyingine kutoka kwa wagombea wa chama hicho hicho, na tangazo likaondolewa haraka. Chrétien alijibu kwa upole tu, kwamba tangu utoto watu walimcheka na Mungu alimpa sifa nyingine. Mwenyewe alikuwa na utani wake wa siku zote: kwamba yeye ni mwanasiasa asiyeongea kwa pande zote mbili za mdomo. Chama kile kilitoka kwenye wingi wa viti bungeni kikabaki na viti viwili.

Haki itendeke: tangazo peke yake halikuwaangusha. Kodi mpya na migawanyiko ya majimbo vilikuwa vimeshawachosha wapiga kura kabla ya picha hizo. Ila chama kinachozama ndicho chenye kishawishi kikubwa cha kurusha matope, na matope yakiwarudia huwakuta tayari wako majini.

Lakini si kuchafuana kunaleta kura?

Washauri wa kampeni huapa kwamba kunaleta. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Brown Rovner, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zote walizoweza kuzipata juu ya kampeni hasi. Hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba mashambulizi humpa mshambuliaji kura. Hukumbukwa zaidi, ndiyo. Humpunguzia mshambuliwa mapenzi, lakini humpunguzia hata mshambuliaji. Walichokiona kikishuka kidogo ni imani ya watu kwa serikali.

Kinachokumbukwa na kinacholeta kura ni vitu viwili, na meneja wa kampeni anayelipwa kwa kuhesabu makofi hana sababu ya kuvitenganisha.

Mgombea akiulizwa swali la haki, naye akamgeukia muulizaji?

Hapa ndipo shida kubwa ilipo kwa maoni yangu, na ndipo matusi na uwajibikaji vinapokutana uso kwa uso. Matusi mengi ya kampeni hutumika kukwepa swali. Kumchukia mtu kunakuja baadaye, kama kunakuja.

Niliwahi kuongoza mdahalo wa wagombea watatu. Mama mmoja wa mstari wa nyuma alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akamsomea mgombea aliyekuwa anatetea kiti chake: "Mheshimiwa, kisima ulichotuambia kimekamilika, mbona hakijafungwa pampu?" Mheshimiwa akatabasamu, akawageukia watu: "Huyu si ndiye aliyeachwa na mumewe? Naona bado ana hasira na wanaume." Ukumbi ukaangua kicheko. Mama akaikunja karatasi yake, mara moja, mara mbili, akakaa. Nami, kipaza sauti mkononi, nikasema, "Muulizaji anayefuata."

Sentensi yangu ndiyo iliyommalizia kazi mheshimiwa. Tusi lilihitaji mtu wa kuliondoa swali mezani, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilichopaswa kusema hakizidi maneno saba: "Swali lilikuwa la pampu, Mheshimiwa. Iko wapi?" Tangu siku ile, nikiongoza mdahalo naandika kila swali kwenye kadi kwa maandishi makubwa. Mgombea akichepuka, simjibu wala simkemei. Nainua kadi na kulisoma swali upya. Wengi hujibu mara ya pili. Mmoja alisomewa mara tatu, akakiri hajui. Lile lilikuwa jibu.

Kuna na namna nyingine ya kukwepa: "Mbona nanyi mlipokuwa madarakani mlifanya hivyo hivyo?" Nyani haoni kundule, ni kweli, na unafiki wa muulizaji ni habari halali. Lakini pampu iliyokosekana haiwi imefungwa kwa sababu wa awali naye hakufunga.

Mgombea anabeba maneno ya wapambe wake?

Anabeba. Huwezi kuvuna makofi ya mtu uliyempandisha jukwaani kisha matusi yake ukayaita ya kwake binafsi. Kama aliitwa na kampeni, alipewa kipaza sauti na kampeni, au analipwa na kampeni, maneno yake ni ya kampeni mpaka kampeni iyakane. Kuyakana nako kuna sharti: iwe pale pale, au siku ile ile, kwa sauti sawa na ile iliyotukana. Mpambe akitukana mbele ya maelfu, taarifa ya mistari miwili inayotolewa siku ya nne haijamkana mtu.

Ujanja wa kawaida ni kugawana kazi. Mgombea anahubiri amani, na vijana wake wa mitandaoni, wale wanaoitwa chawa, wanamwaga sumu kwa akaunti zisizo na majina. Akiulizwa, hawajui. Marekani ilijaribu kuuziba mwanya wa namna hii kwa sheria ya 2002: mgombea wa nafasi ya shirikisho anayelipia tangazo la redio au televisheni lazima asikike mwenyewe akisema ameliidhinisha. Wazo ni jema, mtu aone haya kuweka sauti yake kwenye uchafu. Matokeo ni nusu nusu, kwa sababu uchafu ulihamia kwa vikundi vya nje visivyo vya mgombea, na vyenyewe havina uso wa kuonea haya.

Ndiyo maana nikitazama shambulio lolote naangalia kwanza limesainiwa na nani, kisha ndiyo nausoma ukali wake. Kipeperushi kikali chenye jina la chama, anwani na mtambo uliokichapa nakiheshimu kuliko minong'ono ya upole isiyo na mwenyewe.

Sheria zinasemaje?

Zinatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo soma za kwako kabla ya kufungua mdomo. Mikondo mikubwa ni hii.

Uingereza ina sheria ya uchaguzi ya 1983 ambayo, katika kifungu cha 106, inakataza kutoa taarifa ya uongo kuhusu tabia au mwenendo binafsi wa mgombea, isipokuwa aliyeitoa aonyeshe alikuwa na sababu za msingi kuiamini. Tazama ilivyokatwa: uongo juu ya sera hauguswi hapo, uongo juu ya mtu ndio unaoguswa. Phil Woolas alishinda ubunge wa Oldham East and Saddleworth mwaka 2010 kwa tofauti ya kura 103. Vipeperushi vyake vilidai mpinzani wake alikuwa akitafuta kura za watu wenye msimamo mkali wanaotetea vurugu. Mahakama ya uchaguzi ilimkuta na hatia, ikafuta ushindi wake na kumzuia kugombea miaka mitatu. Ilikuwa kesi ya kwanza ya aina hiyo kufanikiwa kwa karibu karne nzima. Mahakama Kuu ilipunguza hatia kutoka tatu hadi mbili, kiti hakikurudi.

India ina katazo la karibu sana na hilo katika sheria yake ya 1951, na ushindi unaweza kufutwa. Marekani iko upande mwingine kabisa. Tangu hukumu ya 1964 ya New York Times dhidi ya Sullivan, kiongozi wa umma anayedai kashfa lazima athibitishe kwamba msemaji alijua anasema uongo au hakujali kama ni uongo. Ni kilima kirefu, na kimewekwa makusudi, ili wananchi wasiogope kuwasema wakubwa.

Halafu kuna maneno yanayoacha mtu mmoja na kushika kabila au dini yake. Hayo sheria nyingi huyaweka chumba kingine. Kenya, baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitunga sheria ya utangamano ya 2008 inayofanya maneno ya chuki za kikabila kuwa kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tahadhari moja. Sheria ya kashfa mkononi mwa aliye madarakani ni panga lenye makali upande mmoja. Mgombea mdogo anayeonyesha ankara mbili anaweza kukamatwa kwa "kumchafua kiongozi" wakati chawa wa kiongozi huyo wanatukana usiku na mchana. Ndiyo sababu sipendi kumkimbilia polisi kwa kila tusi. Mahakama ya uchaguzi, kamati za maadili za vyama na tume, na haki ya kujibu kwenye chombo kile kile kilichotangaza, hizo zitangulie.

Mbona wagombea wanawake wanashambuliwa kwa namna ya peke yake?

Kwa sababu mashambulizi dhidi yao hayataki kura zao tu, yanataka waondoke. Umoja wa Mabunge Duniani ulihoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39 mwaka 2016. Asilimia 81.8 walisema wamewahi kukutana na ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 44.4 walitishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Mwanaume hushambuliwa kwa alichofanya, kisha kwa alivyo. Mwanamke huanzwa na alivyo: kaolewa, hajaolewa, kavaaje, nani kampa nafasi. Mara nyingi rekodi yake haifikiwi kabisa.

Kama wewe ni msimamizi wa mdahalo, kipimo chepesi ni kumuuliza mgombea mwanaume swali lile lile ulilomwandalia mwanamke. Ukiona aibu kumuuliza yeye "watoto unamwachia nani", lifute.

Sauti na video za kutengeneza zimebadilisha nini?

Zimeondoa hata lile jasho la kuzusha. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 2023 ilisambaa sauti iliyodaiwa kuwa ya kiongozi wa chama kimoja, Michal Šimečka, akipanga na mwandishi wa habari jinsi ya kuiba kura. Wahusika waliikana, na wataalamu waliona dalili za kutengenezwa na kompyuta. Ilitoka ndani ya siku za ukimya wa kampeni, muda ambao sheria inavizuia vyombo vya habari na wanasiasa kufanya kampeni, kwa hiyo kuijibu kulikuwa kugumu. Chama chake kikawa cha pili. Hakuna anayeweza kupima sauti ile ilichangia kiasi gani, na hilo ndilo linalowafaa watengenezaji.

Kuna upande wa pili unaonisumbua zaidi: mgombea aliyerekodiwa kweli akitukana sasa ana pa kujificha. "Hiyo ni ya kompyuta." Kwa hiyo tunza faili la mwanzo, andika saa na mahali, na watu wawili waliokuwapo wakubali kutajwa.

Nimeshambuliwa. Nijibu au ninyamaze?

Ukiwa na la kujibu, jibu mapema, mara moja, kwa hati, kisha rudi kwenye ajenda yako. Anayekanusha kila asubuhi anawatangazia uzushi wale ambao hawakuusikia. Usianze sentensi kwa kulirudia tusi. "Mimi si mwizi" watu watabaki na neno la mwisho. Anza na ukweli: "Hesabu za kamati zilikaguliwa, ripoti iko ofisi ya mkaguzi, ukurasa wa 14."

Kama tuhuma ni ya kweli, rudi juu usome tena habari za Cleveland.

Ikiwa ni tusi tupu la mwili au ukoo, waachie wengine wakusemee. Na kama kuna vitisho, hiyo imeshavuka siasa. Piga picha ya skrini, andika tarehe, ripoti.

Kuomba radhi baada ya uchaguzi kunasaidia?

Lee Atwater, aliyeendesha kampeni ya George Bush mwaka 1988 kwa ukali usiosahaulika, aliugua uvimbe wa ubongo, na kabla ya kufariki Machi 1991 akiwa na miaka 40, aliandika kumwomba radhi mgombea aliyeshindwa, Michael Dukakis, kwa ukatili wa maneno yake. Naamini alimaanisha. Lakini radhi ilikuja zaidi ya miaka miwili baada ya kura kuhesabiwa. Radhi ya kampeni ina maana ikitolewa wakati bado inaweza kukugharimu kitu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Niliripoti tusi?

Ripoti kwamba swali halikujibiwa, na lilikuwa swali gani. Tusi lenyewe laweza kuwa aya ya nne. Likipewa kichwa cha habari, umelisaidia kufanya kazi liliyotumwa.

Na mimi ninayepokea tu kwenye simu?

Tuna msemo unaotuponza: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni msemo mtamu barazani, ila umetengenezewa wazushi. Mengi yanayosemwa kipindi cha kampeni hayapo na hayaji. Kabla ya kusambaza, tafuta jina la aliyesema kwanza. Ukiambiwa "imetumwa kama ilivyopokelewa", maana yake hakuna aliye tayari kuulizwa, na ukiisambaza utakayeulizwa ni wewe.

Nimeshasambaza, na sasa najua ni uongo. Nifanyeje?

Kuifuta kimya kimya hakutoshi, maana walioisoma hawataona kwamba umeifuta. Rudi kwenye kundi lile lile na uandike: "Ile sauti niliyoituma jana saa mbili usiku si ya kweli, niliituma bila kuhakikisha, aliyeipeleka mbele naye awaambie wenzake." Wengine watakucheka. Mmoja ataipeleka mbele.